Muvi za madubwana: zipi zina uzito, na zitazamwe wapi Arusha na Moshi

Mtu wa Arusha si rahisi kumdanganya kuhusu mnyama mkubwa. Tarangire ni safari ya asubuhi tu, na karibu kila mtaa una dereva wa watalii anayejua tembo dume wa tani 6 anavyotembea: unyayo unatua taratibu, nyama ya chini inatanuka, bega linapanda, ndipo mwili mzima unafuata. Hata akikimbia, tembo haruki. Watafiti waliowapima tembo wakiwa mbioni walikuta wanafika kilomita 25 kwa saa huku angalau mguu mmoja ukiwa umegusa ardhi wakati wote. Twiga naye, na urefu wake wa mita 5, ukimtazama akikimbia utadhani picha imepunguzwa spidi, kumbe yuko kwenye kilomita 50 kwa saa.

Mapitio haya yanazipima muvi za madubwana kwa jicho hilo hilo. Je, dude lina uzito? Meno mengi, mkia wenye miiba, magamba yanayong'aa, hayo kompyuta ya leo inayatoa bila taabu. Uzito ndio unaokosekana, na muvi ikiukosa watu wanaanza kuchezea simu kabla haijafika nusu, hata kama majengo 40 yameshaanguka.

Tuanze na hesabu kidogo, kwa sababu bila hiyo mabishano hayaishi. Galileo aliandika mwaka 1638 kwamba ukimkuza mnyama bila kubadili umbo lake, mifupa yake itashindwa kumbeba. Urefu ukizidi mara 10, mfupa ukiukata katikati una eneo mara 100, lakini mwili una uzito mara 1,000. Mchukue tembo wa mita 3.3 begani, umkuze mara 30 afike karibu mita 100, urefu ambao Godzilla, lile dubwana-mjusi la Kijapani, ameshauvuka katika muvi za Wamarekani. Tani zake 6 zinakuwa tani 162,000, na kila sentimita ya mraba ya wayo inabeba mzigo mara 30 ya ule wa tembo wa kawaida. Lami ya barabara ya Sokoine isingehimili hata hatua ya kwanza. Mpaka halisi wa wanyama wa nchi kavu tunao ushahidi wake hapa hapa Tanzania: mifupa iliyochimbwa na Wajerumani kule Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Dinosaria mkubwa kuliko wote waliotoka pale, aliyesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, ana kimo cha mita 13.27 shingo ikiwa juu. Hiyo ni kama robo ya Godzilla wa kwanza kabisa, wa mwaka 1954, aliyepewa mita 50.

Kwa hiyo hatudai kwamba dubwana liwe jambo linalowezekana. Tunachodai ni kwamba muvi ikishatuletea dude la mita 100, ilipe gharama zote za ukubwa huo: muda, vumbi, maji, sauti, ardhi inayokanyagwa. Inayolipa tunaiamini. Inayokwepa tunaishtukia, hata kama hatujui kusema kasoro iko wapi.

Njia ya haraka ya kupima ni kuhesabu sekunde. Kitu kikidondoka kutoka mita 2 kinafika chini kwa sekunde 0.6. Kutoka mita 50 kinachukua sekunde 3.2, na kutoka mita 100 kinachukua 4.5. Basi kipande cha ghorofa kikibanduka usawa wa bega la dubwana, hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne. Kikifika chini kabla hujamaliza "mbili", ubongo wako umeshaamua kwamba unachokiona ni mdoli, na hakuna muziki wa kutisha utakaoubadilisha. Mkono unaorusha ngumi, mkia unaozunguka, mwili unaogeuka, vyote vinafuata sheria hiyo hiyo. Dude likiwa kubwa linapaswa kuonekana zito na la polepole hata pale linapokwenda kasi kuliko gari.

Wajapani walilijua hili mapema. Godzilla wa 1954 alikuwa mtu ndani ya vazi la mpira, Haruo Nakajima, na vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa kilo 100 hivi, kiasi kwamba alikuwa anamudu hatua chache tu. Mji aliokuwa anaubomoa ulijengwa kwa kipimo cha moja kwa 25. Fundi wa picha, Eiji Tsuburaya, aliendesha kamera kasi kuliko kawaida, ili ukionyesha picha kwa mwendo wa kawaida kila kitu kiende polepole. Kanuni yenyewe ni kipeuo cha pili cha kipimo: 25 inakupa 5, kwa hiyo badala ya fremu 24 kwa sekunde unahitaji 120. Ndiyo maana muvi ile nyeusi na nyeupe bado inabeba, wakati muvi nyingi za mpira zilizofuata, ambazo kamera iliachwa iende kawaida ili ngumi zionekane kali, zinaonekana kama watu wazima wanaopigana juu ya maboksi. Kilichomshinda Tsuburaya, na kinachomshinda kila fundi wa modeli mpaka leo, ni maji na moto. Tone la maji halipungui kwa sababu umejenga meli ndogo. Ukiona dubwana linatoka baharini na matone yanayoruka ni makubwa kama kichwa chake, ujue ile ni bafu.

Sasa muvi zenyewe.

Bora kuliko zote za miaka ya karibuni, na tunasema bila kusita, ni Godzilla Minus One ya mwaka 2023, iliyoongozwa na Takashi Yamazaki, ambaye pia alisimamia madoido ya picha. Kazi yote ya kompyuta, vipande 610 vya picha, ilifanywa na watu 35, na mwaka 2024 ikachukua Oscar ya madoido ya picha, ya kwanza kwa Godzilla tangu azaliwe. Yamazaki alimrudisha kwenye mita 50 hivi, na huo ulikuwa uamuzi wa akili. Dude la mita 50 linaenea kwenye mtaa. Unaliona kichwa na miguu kwa pamoja huku watu wakiwa bado wanaonekana, wanakimbia, wanajikwaa. Ukilifanya la mita 120, kamera inalazimika kurudi nyuma sana na watu wanapotea.

Litazame vizuri eneo la Ginza, mtaa wa Tokyo. Mguu unapotua, vipande vya barabara vinanyanyuka pembeni na kudondoka baadaye, kwa muda wao. Kiwiliwili kinaanza kugeuka, mkia uko nyuma bado haujui, halafu unakuja kama wimbi na kufagia ghorofa. Anapotaka kutema mwale wake, mapezi ya mgongoni yanachomoka moja baada ya jingine kuanzia mkiani, kila moja na mlio wake, kisha yanajifungia ndani kwa pamoja, na mwale unatoka. Baada ya hapo sauti inakatika. Upepo unasukuma kila kitu kwenda nje, halafu unavuta kila kitu kurudi, jinsi mlipuko wa kweli unavyofanya kwa sababu hewa inarudi kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Kisha mvua nyeusi. Muvi imetumia dakika chache kwa dubwana, na kila dakika imelipiwa.

Na baharini nako haikukwepa. Kile kiboti cha mbao cha kutegua mabomu kinafukuzwa na Godzilla anayeogelea kichwa kikiwa nje, na povu la maji linalomzunguka ni dogo dogo, laini, limetapakaa, inavyotakiwa kwa kitu cha ukubwa ule. Hata mpango wa wanadamu wa kumshinda unategemea fizikia: kila mita 10 za kina cha bahari zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo wanapozungumzia mita 1,500 wanazungumzia mara 150. Kama ingetekelezeka kweli au la, si hoja. Hoja ni kwamba maji yamepewa uzito, na watu wale wanajua wanachofanya. Kasoro ipo: sehemu ya juu ya mwili wa Godzilla ni ngumu, akitembea mbele moja kwa moja anafanana na sanamu inayosukumwa, na baadhi ya waigizaji wanalia kwa sauti kubwa kuliko mahitaji. Hayaharibu kitu.

Godzilla ya 2014, ya Gareth Edwards, inafuata kwa karibu kwa upande wa kuaminika, lakini wengi wa huku hawaipendi na tunaelewa sababu. Dubwana lina mita 108 na kwa muvi ya saa mbili na dakika chache linaonekana kwa dakika zisizofika 12. Edwards ameiweka kamera pale ambapo mtu angeweza kuwa: dirishani, ndani ya gari, chini ya daraja. Eneo la askari wanaoruka kutoka kwenye ndege juu ya San Francisco, moshi mwekundu umefungwa miguuni, wanapita kwenye wingu na ghafla ubavu wa Godzilla uko mbele yao, ni moja ya picha kubwa kabisa za aina hii. Amezingatia pia jambo ambalo mtu yeyote anayeishi chini ya Meru analijua kwa macho: kitu kikubwa kilicho mbali hufifia. Mlima unaonekana wa bluu ya kupauka wakati kichaka cha jirani ni kijani kibichi, kwa sababu kuna hewa na vumbi katikati. Madubwana mengi ya kompyuta yana weusi uleule wa kukolea, yawe mita 200 au kilomita 2, na hapo ndipo yanapogeuka vibandiko. La Edwards linafifia sawasawa. Tatizo ni giza. Pambano la mwisho ni usiku, ndani ya vumbi, na ukilitazama kwenye TV mchana na mapazia wazi hutaona chochote zaidi ya uso wako.

Pacific Rim ya 2013 na mwendelezo wake wa 2018 zinafaa kutazamwa mfululizo, kwa sababu zinakufundisha kwa siku moja kile ambacho makala hii inajaribu kusema. Ya kwanza, ya Guillermo del Toro, ina maroboti ya karibu mita 80 yanayopigana usiku kwenye mvua. Ngumi inaanza nyuma, inapandisha injini, inapita, maji yanatiririka kutoka mabegani, na ikikosa mwili wote unavutwa nayo. Kuna ngumi moja kule Hong Kong inayopenya kwenye jengo la ofisi, inabomoa meza na kuta, na inapoishiwa nguvu inagusa kidogo tu kile kidude cha mezani chenye gololi zinazogongana. Gololi zinaanza kucheza, tiki, tiki. Ndani ya sekunde hizo umepewa kitu cha kilo moja na kitu cha maelfu ya tani kwenye fremu moja, na jicho linakubali. Mwendelezo wa 2018 ulileta mchana mweupe, rangi safi, na maroboti yanayoruka na kubingirika kama wanasarakasi. Kila kitu kinaonekana vizuri zaidi na hakuna hata kimoja kizito.

Kwa upande wa Kong, yule sokwe mkubwa, Skull Island ya 2017 ndiyo ya kuanzia. Ana mita 31.6, anaonekana mapema, mchana, na helikopta zinazomzunguka zinampa jicho kipimo cha kushika. King Kong ya 1933, ambayo Willis O'Brien alimchezesha Kong kwa modeli ya karibu sentimita 45, ikisogezwa kidogo na kupigwa picha fremu moja moja, ina kasoro ambayo baadaye imekuwa maarufu: manyoya yanatikisika yenyewe, kwa sababu vidole vya mafundi viliyagusa kila waliposogeza kiungo. Ajabu ni kwamba yanamfanya aonekane ana hasira. Humo humo Kong ana mita 5.5 kisiwani na 7.3 akifika New York, na wachache wanagundua, kwa kuwa kila mahali amepewa vitu vya kumpima. Ukilinganisha na Godzilla ya Wamarekani ya 1998, ambayo dude linajaa mtaa mzima halafu linapita kwenye mahandaki ya treni, utaona tofauti kati ya kudanganya kwa ustadi na uzembe.

Halafu kuna Godzilla vs. Kong ya 2021 na Godzilla x Kong ya 2024, ambapo Kong amevuka mita 100 ili aweze kumfikia Godzilla mwenye 120. Hizi ndizo zinazopendwa na machalii mtaani na ndizo zinazojaza vibanda vya muvi, na kwa burudani zinastahili. Pambano la Hong Kong la 2021, na zile taa za rangi kwenye majengo, linaonekana vizuri kwenye kioo chochote kwa sababu usiku wake una mwanga. Lakini kuaminika? Kuna ngumi inapigwa juu ya meli ya kubeba ndege, miili miwili imesimama upande mmoja wa sitaha, na meli inayumba kidogo tu. Ya 2024 imekwenda mbali zaidi: madubwana yanakimbia, yanarukiana, yanakabana shingo kama wanamieleka, na kamera inaelea usawa wa macho yao badala ya yetu. Muda mwingi tuko chini ya ardhi, kwenye dunia yao ambayo haina mlango, gari wala mti wa kawaida wa kulinganishia, na kwa sababu hiyo mita 100 zinageuka kuwa mita 2. Sehemu pekee ambayo ukubwa unarudi ni Misri. Piramidi kubwa ya Giza ina mita 138 hivi, kila mtu ameiona kwenye picha, na Godzilla akisimama karibu nayo unashtuka. Dakika chache baadaye wanarushana kama mito ya kitandani na mshtuko umekwisha. Mnunulie mtoto, atafurahi sana.

Jurassic Park ya 1993 haihusu madubwana ya kubuni, ila haiwezi kuachwa. Yule T. rex wa usiku wa mvua alikuwa mashine ya karibu mita 12 iliyojengwa na karakana ya Stan Winston, na mvua ya kutengeneza ililowesha povu la ngozi yake, akawa mzito kupita mitambo yake na kuanza kutetemeka, wakawa wanamkausha kwa mataulo katikati ya kazi. Kompyuta ilitumika kwa dakika chache sana. Mngurumo ni mtoto wa tembo, chui milia na mamba wamechanganywa. Mawimbi kwenye glasi ya maji yalitokana na waya wa gitaa uliofungwa chini na kupigwa. Kosa lake kubwa kwa mtu wa huku ni mbio: utafiti wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba T. rex angehitaji misuli ya miguu mingi kuliko mwili wake ungeweza kubeba ili akimbie kasi, na hatua zake zile za kufukuza jipu haziafikiani na tembo yeyote anayejulikana. Kingine ni vishindo. Unyayo wa tembo una pedi laini na anaweza kupita nyuma ya hema usimsikie. Mnyama mwindaji anayetikisa glasi kila hatua angekufa njaa. Lakini glasi ile ni tamu mno, tunaisamehe.

Yote hayo yanategemea unatazamia wapi, na hapa ndipo muvi nzuri nyingi zinapochinjwa Arusha na Moshi.

Ukubwa jicho linaupima kwa pembe. TV ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95. Ukiitazama kutoka mita 1.5 inachukua nyuzi 35 za macho yako, na dubwana ni dubwana. Kwenye kibanda umiza, TV hiyo hiyo imetundikwa juu, wewe uko benchi la nyuma mita 6 kutoka hapo, inachukua nyuzi 9. Godzilla amekuwa mjusi wa ukutani. Kibanda chenye projekta na shuka jeupe kinashinda kwa mbali, mradi kiwe cheusi ndani. Kabla ya kulipa, chungulia juu: matundu ya misumari kwenye bati mchana yanamwaga mwanga ambao projekta ndogo haiwezi kushindana nao. Nenda kuanzia saa 1 usiku. Na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua kwenye bati inafunika kila kitu isipokuwa milipuko, kwa hiyo muvi zenye ukimya mwingi kama ile ya 2014 ziache kabisa, chagua Kong.

Kuna swali la DJ, yule anayetafsiri muvi kwa kuongea juu yake. Tangu enzi za Lufufu, muvi ya kutafsiriwa ni starehe yenye ladha yake, na DJ mzuri anaokoa muvi mbovu: anayapa madubwana majina, anaeleza kisa, anashangilia stelingi. Kwa Kong ya 2024 tunampendekeza kwa moyo wote. Kwa Minus One hapana. Sauti yake inaingia pale pale ambapo muvi imekata sauti makusudi, baada ya mwale wa Ginza, na kazi nzima ya ule ukimya inapotea. Isitoshe wengi wanaporekodi wanashusha sauti ya muvi yote, sio ya maongezi pekee, na mngurumo unabaki kama wa redio iliyo chumba cha pili.

Kwenye maduka ya kuwekea muvi kwenye flashi, uliza ukubwa wa faili kabla ya kitu kingine. Muvi ya saa mbili iliyobanwa hadi megabaiti 700 imebakiwa na chini ya megabiti 1 kwa sekunde. Inatosha watu wawili wanaoongea sebuleni. Kwenye giza, moshi na maji, ambavyo ndivyo chakula cha muvi hizi, picha inavunjika kuwa vijiraba na dubwana linaonekana limejengwa kwa matofali. Gigabaiti 4 na kuendelea ndipo usiku unapoanza kuwa usiku. Nakala zilizorekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi usizichukue hata za bure, kwa sababu pembe imepinda, weusi ni kijivu na sauti ni ya ukumbi ule. Njia ya halali ya mtandaoni ni safi zaidi, ila kwa kiwango cha juu inaweza kula gigabaiti 3 kwa saa, hivyo panga bando la 6 kwa muvi moja.

Ukishafika nyumbani, ingia kwenye menyu ya picha ya TV na uzime ile kazi ya kulainisha mwendo, ambayo TV nyingi mpya zinatoka dukani ikiwa imewashwa. Inabuni fremu za katikati na kufanya 24 zionekane 60. Mpira unapendeza kwayo, tamthilia unaizoea, lakini dubwana linapungua hapo hapo, kwa kuwa mwendo unakuwa laini na mwepesi kama wa kitu kidogo. Kisha toa picha kwenye hali ya rangi kali ya dukani uweke ya sinema. Zima taa, washa moja ndogo nyuma ya TV kama giza tupu linaumiza macho.

Sauti ndiyo nusu ya uzito, pengine zaidi. Hatua za dubwana zinarekodiwa hertzi 20 hadi 40, chini kabisa, pale ambapo unasikia kwa kifua. Spika za TV hazifiki huko hata kwa bahati. Sabufa ndogo za kawaida nyingi hazishuki chini ya hertzi 50, ila zinafaa sana ukizipanga vizuri. Iweke kwenye kona ya chumba, ukuta mbili zinaongeza besi bila kuongeza umeme, halafu punguza kitufe cha besi hadi nusu. Kosa la kila mtaa ni kufungua besi mpaka mwisho: koni inafika ukomo wake, inakoroma, na kila hatua inatoa mlio ule ule wa "bu" wa hertzi 80 kama singeli ya jirani. Ikitetemesha madirisha zaidi ya kochi, iko mahali pabaya, isogeze sentimita 30 kutoka ukutani ujaribu tena. Maongezi yakiwa hayasikiki wakati milipuko inapasua, faili ina sauti ya spika sita na wewe una mbili. Tafuta kwenye mpangilio wa sauti ubadili iwe stereo.

Ukumbi wa sinema, pale muvi inapokuwa mpya, bado hauna mpinzani. Ukiwa mita 12 kutoka kwenye kioo cha upana wa mita 10, una nyuzi 45, giza la kweli, na besi inayofika chini. Mtu wa Moshi mwenye safari ya kikazi Arusha aiunganishe na muvi ya jioni. Chagua viti vya katikati, theluthi ya nyuma, na ukute umeshakaa kabla taa hazijazimwa, macho yanahitaji dakika kadhaa kuzoea. Muvi za 3D kwa madubwana hatuzipendekezi: miwani inakula mwanga, na kina kinachoongezwa kupita kiasi kinafanya miji ionekane kama modeli za mezani.

Kwenye basi la Arusha kwenda Moshi, kilomita 80 hivi, wanaweka chochote. Jua linapiga kioo, injini inaunguruma kwenye besi zote, na utafika kabla dubwana la kwanza halijatoka majini. Hapo Skull Island ndiyo pekee inayofaa, sababu ni mchana mtupu na Kong hachukui muda kujionyesha. Ukiona wanaweka ya 2014, omba wabadilishe.